Breki Zilikuwepo, Baba Neema

Kwako Baba Neema, huko Tunduma uliko,

Sisi huku ni wazima. Hujauliza, lakini barua huanza hivyo na mimi nililelewa kwa adabu. Kuhusu afya yako sina wasiwasi. Mtu anayejipenda kama wewe haugui ovyo.

Kilichonifanya nikuandikie ni ile picha. Mdogo wangu alinionyesha kwenye simu, katika kundi la wenye magari: manifoldi ya injini, ya alumini inayong'aa, umeilaza juu ya kitambaa chekundu kama mtoto mchanga, na chini yake maneno yako: "Acha kuteseka na ya kiwandani. Funga hii, gari lipae. Imejaribiwa milima ya Rukwa." Nilipofika kwenye "imejaribiwa" nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza nina nini. Nikamsomea. Yeye hakucheka. Alirudi jikoni, na nikasikia vyombo vinagongana kwa muda mrefu.

Imejaribiwa, kweli. Waliojaribiwa ni sisi wawili, mimi na mama yako. Kwa hiyo barua hii naiweka wazi, humo humo kundini, chini ya kitambaa chako chekundu, ili kijana anayetaka kununua ajue jaribio lenyewe lilikwendaje.

Unakumbuka mwaka tuliponunua pikapu? Maharage yalikubali, yangu na yako, tukaichukua kwa mfanyabiashara mmoja wa Majengo, imechakaa lakini injini yake nzima. Jumapili baada ya misa ukanipeleka barabara ya Pito, mashamba yote yamekwisha kuvunwa, ukashuka na kuniambia nihamie kwenye usukani.

"Usiogope, Mama Neema," uliniambia. "Hili ni kama ng'ombe wa jembe. Likijua hujui, litakusumbua."

Nikaizima, nikaiwasha, nikaizima tena. Ulicheka hadi ukakaa chini kwenye mabua, lakini hukunifokea hata mara moja. Siku ile nilikupenda sana, naandika bila aibu. Usingenipitia moyoni vile, leo ningekusahau tu. Dharau hii niliyonayo haipatikani kwa mtu baki.

Shida ilianza kwenye kupanda. Kushuka bondeni na mahindi kulikuwa rahisi, ila kurudi huku juu na mpunga pikapu ilikuwa ikihema kama mzee. Uliipeleka kwa Fundi Mashaka pale Majengo. Mashaka ana majivuno, wote tunajua, hawezi kukaza nati bila kuitolea hotuba. Lakini siku ile alisema jambo la maana. Alituonyesha manifoldi, ile mikono ya chuma inayopeleka hewa na petroli ndani ya injini, akasema ndani yake ina vinundu vya kiwandani, na midomo yake haikutani sawasawa na ya injini. Akasema ataifungua, aichonge na kuilainisha ndani, aipatanishe midomo, airudishe.

"Haitapaa," alisema, "lakini itapumua."

Ulimjibu nini? Ulimwangalia juu mpaka chini. "Mimi unisugulie chuma cha zamani kama sufuria ya ugali? Watu wenye magari ya maana wananunua mpya."

Mashaka hakukasirika. Alisema kununua mpya si kosa, mradi iwe imetengenezwa kwa ajili ya gari lako na ina matundu yote ya ile ya zamani. Hukungoja amalize. Ulishaanza kutembea, umeshika simu, unamwangalia jamaa yako anayejirekodi akiongea mbele ya magari ya watu.

Ukauza ng'ombe wa kulimia. Hukuniambia. Mama yako ndiye aliyekuja mlangoni asubuhi akaniuliza, "Mwanangu, ng'ombe wamepelekwa malishoni saa hizi?" Msimu ule mimi na yeye tulilima kwa jembe la mkono. Wewe ulikuwa kituo cha mabasi, unangoja kifurushi.

Kilipokuja ulikifungulia uani, majirani wamezunguka. Kitu kilikuwa kizuri, sikatai. Kiling'aa mpaka unajiona meno. Ukakataa kumwita Mashaka. Ukafunga mwenyewe, wewe na mshikaji wako wa bodaboda. Nilileta chai nikaona mpira mmoja mnene umebaki unaning'inia.

"Na huu mpira unakwenda wapi?" nikauliza.

"Huo ni mambo ya kizamani," ukasema. "Hii mpya haina tundu lake, kwa hiyo haiuhitaji."

Ukaukunja ule mpira, ukaufunga kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. Vijana wa kundini, nisikilizeni hapa. Ni kupitia mpira ule manifoldi inanyonya hewa kutoka kwenye breki, na mnyonyo huo ndio unaoipa breki nguvu. Ukiukata, breki haifi, ila inakuwa ngumu kama kukanyaga jiwe. Mimi sikujua wakati ule. Baba Neema naye hakujua, ila yeye ndiye aliyekuwa ameshika spana.

Tulipoijaribu barabara ya Pito, gari lilikimbia kweli. Ukapiga honi peke yako barabarani. Kwenye kona ya kanisa ukakanyaga breki, ukaumauma meno, gari likasimama mbali kuliko ulivyotaka.

"Breki mbona ngumu hivyo?" nikakuuliza.

"Hizi ni breki za kiume. Zitalainika."

Breki za kiume! Neno hilo ningependa uliandike pia chini ya picha yako.

Ile siku ya kushuka, Neema alikuwa shule, ashukuriwe Mungu. Tulikuwa na mahindi ya watu nyuma, na mama yako alitaka kumwona dada yake kule bondeni, Muze. Wewe kwenye usukani, mimi katikati, gia ipo kati ya magoti yangu, Mama dirishani na rozari yake. Kulikuwa na jua zuri. Tulipofika Lyamba lya Mfipa, pale barabara inapoanza kuteremka, bonde lote likaonekana chini na ziwa kwa mbali, Mama akasema hajaliona jeupe hivyo siku nyingi. Wewe ukatoa gia, ukaliachia gari lishuke lenyewe.

"Rudisha gia," nikasema.

"Naokoa mafuta. Tulia uone gari."

Kona ya kwanza tulipita. Ya pili magunia yakasogea, yakagonga mgongo wa kebini. Ukakanyaga breki. Ukakanyaga tena. Nilikuona uso, Baba Neema. Nilikuona ukigeuka mtu ambaye sijawahi kulala naye nyumba moja.

"Breki hamna!" ukapiga kelele. "Breki hamna!"

Kisha ukafungua mlango ukaruka.

Nimejaribu mara nyingi kutafuta neno la kukutetea hapo, kwa ajili ya Neema. Sijalipata. Hukusema "rukeni." Hukumshika mama yako mkono. Uliufungua mlango wako, ukaondoka, na mlango ukabaki unapigapiga kama wa choo.

Nikateleza mpaka kwenye kiti chako, bado kina joto. Nikakanyaga breki kwa mguu mmoja, haikuingia. Nikaweka miguu yote miwili, nikasukuma mgongo kwenye kiti, nikasimama juu ya ile pedali kwa uzito wangu wote kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali. Na breki ikashika. Kwa shida, kwa moshi, kwa harufu ya kuungua, lakini ilishika!

"Mama, vuta hiyo breki ya mkono!"

Mama yako hajawahi kushika chochote cha gari maishani mwake. Akatupa rozari mapajani, akaivuta kwa mikono yote miwili huku akisema kwa Kifipa maneno ambayo sitayaandika hapa, maana Neema anasoma. Gari likapunguza mwendo. Nikalielekeza upande wa mlima, likaingia mtaroni, likalala kwenye ukuta wa udongo. Kishindo kile ndicho kilichomvunja Mama kifundo cha mkono. Magunia mawili yalipasuka, mahindi yakamwagika barabarani, na kina mama waliokuwa wanapanda na mizigo kichwani wakatua wakaja kututoa.

Wewe ulifika baadaye ukichechemea, majani kwenye nywele. Ulimkuta mama yako amekaa kwenye jiwe, mkono umefungwa kwa khanga ya mtu. Ukasema nini mbele za wale wanawake?

"Nilijua na nyie mtaruka."

Mama akakutazama. "Niruke?" akasema. "Mimi niruke?"

Mwanamke mmoja akageuza uso, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nadhani kicheko kile ndicho kilichokuuma kuliko mguu, maana kufikia wiki iliyofuata mjini kulikuwa na hadithi nyingine. Eti uliruka ili uwahi kutafuta jiwe la kuweka mbele ya tairi. Jiwe! Kwenye mteremko ule ulitaka kutangulia mbele ya gari lenye mahindi, ukiwa na jiwe mkononi. Watu wa Majengo walikusikiliza kwa heshima, halafu ukipita wakawa wanakusalimia, "Vipi, umelipata?" Hukuvumilia. Ulipanda basi asubuhi moja na begi langu la safari, hukumuaga hata binti yako.

Pikapu niliivuta mpaka kwa Mashaka. Alinisimanga kama vile mimi ndiye niliyeruka, na nilimwacha aseme, maana alikuwa anafanya kazi huku anasema. Manifoldi ya zamani niliikuta nyuma ya jiko, ulikoitupa. Aliichonga ndani, akailainisha, akapatanisha midomo, akarudisha mpira wa breki kwenye tundu lake. Ile yako inayong'aa nilimpa kama sehemu ya malipo. Aliigeuza geuza, akasema chuma si kibaya, labda kuna gari mahali inalifaa. Basi ujue hilo: manifoldi sina ugomvi nayo. Haikuwa na akili ya kujifunga yenyewe.

Sasa mimi ndiye ninayeshuka na mahindi na kupanda na mpunga. Gari halipai. Linapanda. Pale lilipokuwa linataka gia ya kwanza, sasa linakwenda na ya pili, na mimi nimetosheka. Abiria wangu wa mara kwa mara ni mama yako. Mkono wake haunyooki vizuri, lakini anakaa mbele, na kila tunapofika kwenye ule mtaro anaiangalia miguu yangu. Tumekuwa tukiishi wawili na Neema, na nyumba ina utulivu ambao sikujua kwamba ulikuwa unakosekana.

Umemwandikia Mama kwamba unataka kuja Krismasi, na kwamba unaomba nikufuate Laela kwa gari kwa sababu mizigo ni mingi. Bila shaka ni manifoldi. Nilimwambia uamuzi ni wake, wewe ni wa tumbo lake, mimi sitamzuia mtu kumwona mwanawe. Alikuwa anachambua ulezi kwenye ungo, kwa mkono mmoja mzima na mmoja wa kusaidia. Alifikiri mpaka ungo ukaisha. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, sijapunguza wala kuongeza:

"Mwambie aje. Ila atapanda nyuma, kwenye magunia. Huko akitaka kuruka, hatutapata shida ya kufunga mlango."

Njoo basi, ukipenda. Mimi sina la zaidi.

Ni mimi,
Mama Neema, niliyebaki ndani