Neno Lililotoka Hospitali

Alhamisi, Agosti 1996

Mdomo bado unavuja damu, hata chai siwezi kunywa.

Ni neno moja tu. Daktari alisema kile kipimo cha damu yangu, iliyopelekwa ng'ambo kwa sababu nimeshika mimba nikiwa na miaka arobaini, kimerudi pozitivu. Alikuwa bado anaeleza, Ouma mume wangu akasimama akatoka. Kisumu hii, mtu akisikia damu na pozitivu haulizi ni ya nini. Tumezika wengi mno.

Nyumbani alinipiga ngumi ya mdomo kabla sijavua viatu.

"Hii ugonjwa umetoa wapi, Mama Achieng?"

Akanivuta nywele, akanigongesha kichwa ukutani. Mkono mmoja nimekinga tumbo, wa pili nikashika mwiko wa ugali nikampasua juu ya jicho. Sijutii.

Alipokaa chini akihema kama ng'ombe, ndipo nikamwambia alichokataa kusikia. Si ukimwi. Damu ya mama inaonyesha dalili kwamba huenda mtoto atazaliwa na kasoro, akili isikue kama ya wenzake. Huenda. Hata daktari hana hakika, na mimi tangu asubuhi nimeogopa mpaka…

Ouma alinitazama, akafuta damu usoni, akacheka kidogo.

"Kumbe ni mtoto tu."

Kisha akaomba chakula. Nimemsongea ugali kwa mwiko uleule. Sikuuosha.