Pima Tatu za Mjomba Pugong

Pulnahan, Ifugao
14 Januari 1993

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nzito kama mzigo wa mpunga mbichi. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Baguio? Wafumaji wenzako wanakupa nafasi karibu na jiko, au wanakuweka mlangoni kwa sababu u mgeni? Sisi ni wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi, maana mtu aliyeolewa na Ballogan hata mafua humwogopa.

Mama, hii ni wiki ya tatu tangu harusi na bado kila asubuhi namtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na kuogopa mwenyewe atatokea. Najua shangazi walicheka kwamba ananifika begani. Wacheke. Mfupi huyu akitabasamu nyumba nzima inapata joto. Amenichongea kijiko cha mti wa mpera, na anaimba akibeba mawe, kwa sauti mbaya kabisa, nami naipenda sauti hiyo kuliko kengele za kanisa.

Sasa la kunifanya nishike kalamu. Jumatatu tulishuka kwenye lile shamba ulilonikabidhi mimi kifungua mimba wako siku ya harusi, tuondoe udongo ulioporomoshwa na kimbunga cha Novemba. Tukamkuta Mjomba Pugong na wanawe wanajenga ukuta ndani ya shamba letu! Jiwe la mpaka limefukiwa na maporomoko, halionekani. Ile mimea ya mpaka, zile dongla za majani mekundu, wameing'oa na kuipanda upya, pima tatu ndani kwetu. Chemchemi yetu sasa iko nyuma ya ukuta wake.

Nikamwambia, "Shikamoo Mjomba. Umepotea njia?"

Akasema, "Bi harusi! Hujachoka tu na mumeo? Mpaka ulikuwa hapa tangu zamani. Kimbunga kimenionyesha."

"Kimbunga kina macho, Mjomba?"

"Kina macho kuliko wewe. Wewe unamwangalia huyo kibete wako tu."

Ballogan akaweka jiwe chini polepole. Nilimshika mkono. Nikasema, "Mjomba, pima tatu hizo nazitaka zote, na maji yangu juu yake." Wakacheka. Mama, sitamwachia. Bila ile chemchemi tutakuwa tunamwomba maji ya kulimia hadi tuzeeke.

Niandikie upesi.

Mwanao akupendaye,
Felisa


Baguio
25 Januari 1993

Kwako Felisa mwanangu,

Barua yako nimeipata kwa dereva wa basi, ikiwa imelowa kidogo. Mimi sijambo. Kifua kinakohoa asubuhi tu. Msalimie mkwe wangu na umwambie kijiko hakijazi tumbo.

Kuhusu Pugong, mwache. Ni binamu yangu. Ukigombana na jirani, jogoo wake atakuwikia mlangoni maisha yako yote. Wewe ni mchanga katika ndoa, usianze nyumba yako kwa kesi. Kwani pima tatu ni nini? Mwombe akupitishie maji kwa mwanzi, atakubali. Ukiitwa kwenye baraza usiende.

Nakusihi kama mzazi wako. Kula vizuri.

Ni mimi,
Mama yako


Pulnahan
6 Februari 1993

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na moto. Mimi na jamaa yangu hatujambo, ila yeye ana michubuko ambayo nitaieleza.

Mama, umesema nimwache. Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta mahali uliposema pima zile si zetu. Hukusema. Basi sikumwacha. Nilikwenda kwa Mzee Lunag, yule atembeaye kati ya nyumba zenye ugomvi. Unamjua, haendi popote bila tambuu mdomoni na paja la kuku mbele ya macho. Amekwenda kwa Pugong mara tatu na kurudi kwetu mara tatu, na kuku wetu wamepungua kwa idadi hiyo hiyo.

Mwisho akatuita barazani mbele ya kijiji. Pugong anaapa, nasi tunaapa. Jiwe halipo, shahidi hayupo. Lunag akatema tambuu akasema, "Basi mtapigana mieleka penye mpaka, raundi tano kutoka juu hadi chini, kama walivyofanya wazee. Atakapoangukia mtu ndipo mpaka utakapopita. Mababu wanajua ardhi ni ya nani, hawamwachi mwenye haki aanguke vibaya."

Ballogan akaruka juu, "Mimi!"

Pugong akacheka hadi akashika tumbo. "Wewe umekuja na sanduku la patasi kutoka ng'ambo ya mto. Babu gani atakushika kiuno katika shamba lile? Mieleka ni ya damu ya shamba."

Mama, kweli ni desturi. Kila mtu anajua huna mtoto wa kiume, na yeye ana wanne kama nyati. Nikasimama. Nikasema, "Damu ya shamba ni mimi."

"Wewe!"

"Mimi. Na desturi inasema wapiganaji walingane. Sasa Mjomba, nitafutie mwanamke wa damu yenu, au useme mbele ya watu kwamba unaogopa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Pugong akageuka mwekundu kama dongla alizohamisha. Ndipo Karmen, kifungua mimba wake, akasema kutoka nyuma, "Baba, niache mimi. Tangu darasa la pili natamani kumtia huyu matopeni." Karmen, Mama! Yule anayebeba magunia mawili mlimani huku anakula muwa!

Tumepangiwa tarehe 27. Ballogan ananifundisha uani kila jioni. Tunashikana mishipi kiunoni, kichwa begani, na ananong'ona, "Usisukume kwa mikono, mpenzi, sukuma kwa nyonga." Naye ananinukia vumbi la mti, nami nasahau kila kitu, naye ananibwaga. Lakini juzi nilimwangusha mara kumi na moja! Amevimba goti na anajisifu kijiji kizima kwamba mkewe ndiye aliyemvimbisha. Jamani, nani mwingine ana mume kama huyu?

Niombee. Sitashindwa.

Mwanao mwenye furaha,
Felisa


Baguio
17 Februari 1993

Felisa mwanangu,

Sikuulizi hali, nakuomba tu uwe mzima.

Usipigane. Soma barua hii peke yako kisha uichome.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba yake Pugong alikuwa kitandani, miguu imevimba, hajashuka shambani tangu mavuno. Asubuhi moja baba yangu akaniambia nichukue kikapu. Tukashuka. Akaling'oa jiwe la mpaka kwa mtaimbo, akalisogeza pima moja upande wao. Mimi nilibeba dongla. Nilizipanda kwa mikono yangu, na akanifundisha kukanyaga udongo ili usionekane mpya. Kisha akanipa kipande cha muwa. Jirani alipopona na kushuka, alisimama pale muda mrefu, akatazama, akaenda zake. Hakusema neno hadi anakufa.

Kwa hiyo pima moja kati ya zile tatu ni yao. Mababu waliona, wa kwao na wa kwetu. Ukishika mkanda pale penye mpaka wa uongo utaanguka vibaya. Nimeona mtu aliyeanguka hivyo, hakumaliza mwaka. Ndiyo maana nilisema umwache. Sikuwa na ujasiri wa kusema kwa nini.

Mwambie Lunag unaumwa. Mwachie Pugong zote.

Nisamehe.
Mama yako


Pulnahan
2 Machi 1993

Mama yangu,

Nakusalimu kwa upendo uleule. Uko salama? Unalala? Mimi niko hai, sina mfupa uliovunjika, na jino moja linatikisika.

Barua yako ilifika siku mbili kabla. Sikuichoma. Nililia, nikakukasirikia, nikamkasirikia babu, kisha nikampa Ballogan asome. Alisoma, akaendelea kuchonga. Baadaye akasema, "Ukijifanya mgonjwa, nitakukandia miguu na sitakucheka. Ukishuka, nitakufunga mkanda." Ni hayo tu. Nikajua nimeolewa na mtu mzima.

Jumamosi kijiji chote kilikuwa kwenye kingo za mashamba. Nilivaa suruali ya Ballogan. Lunag akachinja kuku, akaanza kuwaita mababu wa pande zote mbili kwa majina. Alipofika jina la babu nikasema, "Mzee, subiri."

Nikasema yote, kwa sauti. Jiwe, mtaimbo, asubuhi ile. Mtu mmoja akaita, "Dongla nani alipanda?" Nikasema, "Mama yangu. Alikuwa mtoto, aliagizwa." Sikuweza kulificha hilo, Mama, nilitaka mababu wanishike nisianguke vibaya.

Pugong akapiga makofi. "Mmesikia? Mjukuu wa mwizi! Twende nyumbani, shamba ni letu!"

"Hatuendi," nikasema. "Pima moja ni yenu, chukueni leo hii, na uniwie radhi kwa miaka yote. Lakini zile mbili nyingine mlizitoa wapi, Mjomba? Chemchemi iko katika pima ya pili. Babu yangu aliiba moja, wewe umeiba mbili. Mimi yangu nimeitapika hapa mbele ya watu. Ya kwako bado iko kooni!"

Watu wakavuma kama nyuki. Lunag akasema, "Pima moja imerudi. Tunapigania mbili." Akaendelea na majina.

Karmen akanishika mkanda, akaninong'oneza, "Una mdomo, wewe. Tuone miguu."

Tulianza upande wa mlimani. Raundi ya kwanza sikuhesabu hata mbili, nikawa chali matopeni chini ya ukuta wao. Lunag akachomeka dongla pale. Kelele! "Bi harusi, mwite mumeo akubebe!" Hatua kumi mbele, raundi ya pili, tukaanguka wote pamoja, katikati kabisa. Ya tatu nilimsukuma hadi mwisho wa pima zile mbili, nikamwangusha kwa nyonga, nyonga ile ile ya jioni za uani, na Ballogan akapiga ukelele wa aibu ambao sitausahau. Ya nne akaniangusha mimi, ndipo jino likapata habari zake.

Ya tano ilikuwa penye chemchemi. Mama, hapo hatukucheka tena. Tulisimama kichwa kwa bega, matope yanatutiririka, pumzi yake sikioni kwangu. Sikumfikiria Pugong. Nilimfikiria yule mgonjwa aliyesimama akatazama akaenda zake. Nilisema moyoni, yako umeshapewa, sasa nipishe. Karmen akasukuma, nikarudi hatua moja, maji ya chemchemi yakanigusa kisigino. Akasukuma tena. Nikazunguka naye badala ya kurudi, nikamgeuza akaelekea kwao, akapita pembeni yangu kama gogo, nikamfuata kabla hajasimama, tukaenda hatua mbili, tatu, akaanguka kifudifudi ng'ambo ya chemchemi, upande wao. Dongla ya tano ikasimama mkono mmoja baada ya maji. Chemchemi ni yetu.

Mpaka sasa umepinda kama nyoka aliyemeza vyura. Sehemu tumepata, sehemu tumekosa. Karmen alikaa matopeni akatema, akasema, "Hapa sawa. Pale mwanzo ulianguka kama gunia." Pugong anasema Lunag alilishwa kuku wengi. Leo wanawe wanabomoa ukuta, na anayewasimamia ni Karmen.

Wako wanaotusema. Kisimani waliniita mjukuu wa mwizi, nikawajibu, "Ndiyo, na wewe je, ya kwenu lini?" Kila mmoja akakumbuka ndoo yake.

Najua nimekuvua nguo mbele ya watu. Sijutii kusema. Najuta sikukuuliza kwanza.

Mwanao,
Felisa


Pulnahan
22 Machi 1993

Mama,

Salamu. Siku ishirini sasa hujaniandikia. Dereva wa basi anasema amekuona, unatembea, hukohoi sana. Nashukuru kwa hilo, ingawa nilitaka kulisikia kwako.

Kama umenikasirikia, nikasirikie. Barua ya matusi nayo ni barua. Ballogan anasema tukuache upumue. Ananichemshia tangawizi, ananisukia nywele vibaya, nami kwa mara ya kwanza simsikii vizuri anapoimba.

Tumeanza kupandikiza miche. Shamba limejaa maji hadi kifundo cha mguu. Nimepanda kote isipokuwa ukanda mmoja kando ya mpaka mpya, kutoka dongla ya kwanza hadi ya tano. Pugong anapita kila siku na kuuliza, "Huo unamwachia nani, mwenzio mzimu?" Namjibu, "Namwachia Mama." Anacheka, "Atathubutu kuja?" Namwambia atathubutu, na namtazama hadi yeye ndiye anayeondoka.

Miche haiwezi kungoja zaidi ya juma moja na nusu. Ikipita hapo nitapanda mwenyewe na sitakulaumu. Lakini sitaki kupanda mwenyewe.

Mwanao,
Felisa


Baguio
27 Machi 1993

Felisa mwanangu,

Sikukasirika. Kila siku nilianza barua, na kila siku niliona mkono ule ule uliopanda dongla ndio unaoandika, nikaichana.

Usiguse ukanda huo. Nakuja na basi la Jumatano, nimeaga kazini. Kabla sijala, kabla sijaona nyumba yako, nitapita kwa Pugong nimwambie mwenyewe kwa kinywa changu nililomfanyia baba yake. Akitaka kutukana atukane, nitamsikiliza hadi amalize. Kisha nitashuka nipande, mchana, watu wakiwa shambani. Mwambie aje atazame. Mwambie alete na kigoda, maana nina umri na napanda polepole.

Ni mimi,
Mama yako