Mlingoti wa Antena Uacheni

Praxeda na Lucas,

Maharage yapo jikoni, yaungeni kwa nazi. Mimi niko kwenye sala ya jumuiya.

Tangu tuhamie dijitali hii TV inagandaganda tu. Lucas, usikipige king'amuzi makofi! Chomoa waya wa nyuma, uuchomeke upya. ~~Mlingoti wa antena ung'oeni, hauna kazi tena.~~ Mlingoti uacheni.

Asubuhi picha iliganda, nikatoka uani kuuzungusha. Nikapaza sauti, "Bado?" Nikasimama nimeushika, nangoja baba yenu aitikie toka sebuleni, "Hapo hapo, mama Praxeda!" Hata miezi miwili haijaisha tangu tumzike, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa.

Jioni nitaujaribu tena. Mmoja wenu akae ndani, aniitikie.

Mama yenu