Gemu Nilizomjaribia Maro

Jumatatu, 3 Februari

Nimefunga duka, nimekula, nimerudi kwa gemu. Leo ya magari. Naipenda tangu shule. Injini inanguruma vizuri, kona ni kali, na ukigonga ukuta hakuna anayeumia. Lakini lazima ushike simu kwa mikono miwili uizungushe kama usukani. Nimeulegeza mkono wangu wa kulia uwe kama wa Maro. Gari limeishia mtaroni kila mara. Haimfai.

Maro ni mama mkwe wangu, yuko Lambwe. Kiharusi kilimpiga Desemba, mkono wa kulia ukalala. Mke wangu Adhiambo amekwenda kumuuguza, mimi nimebaki Migori na duka la mbegu. Daktari wa viungo kule Homa Bay alimpa Maro mpira mdogo awe anauminya kila siku. Maro akampa paka auchezee.

Jumatano, 5 Februari

Adhiambo amepiga simu analia. Mvua za Machi zinakaribia, na katika boma lile hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya Maro. Ni mila. Yeye ndiye mkubwa, anaanza yeye, halafu wanawe na wake zao. Wamemwomba aanze kwa mkono wa kushoto. Amekataa katakata. Hajawahi kuipa ardhi kitu kwa kushoto, hataanza uzeeni. Na mazoezi hataki. Anakaa tu anautazama ule mkono.

Naogopa. Nauza mbegu, najua mvua haimngoji mtu. Lakini naogopa zaidi vile anavyoutazama.

Siwezi kwenda kukaa kando yake nimnyooshe vidole. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe hivyo. Hata chakula chake nakila katika nyumba nyingine. Kwa hivyo nimempelekea simu yangu ya zamani. Gemu ndicho kitu ninachokijua. Huyu ndiye mama aliyesema, siku ya mahari, kwamba mwanamume wa kucheza gemu ni mtoto bado, apelekwe akachunge ndama. Watu walicheka. Nami nilicheka. Iliniuma.

Gemu ya risasi nimeifuta kabla ya kuituma simu. Ni tamu, sikatai, imenitoa mawazo miaka mingi. Lakini utamtumiaje mama mkwe gemu ya kuua watu?

Jumapili, 9 Februari

Nimetoka misa, nikapata ripoti ya Adhiambo kuhusu gemu ya shamba niliyomwekea Maro. Nilidhani hapo nimepata. Kugusa tu kwa kidole, polepole, na ng'ombe wanene.

Wueh! Maro amekasirika. Mahindi gani yanaiva kabla chai haijachemka? Nani amepalilia? Mbolea ya nani? Alicheza mara moja, akamrudishia Adhiambo simu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

Ana haki. Mimi mwenyewe huicheza nikichoka na wateja, lakini ni shamba la mtu ambaye hajawahi kuinama.

Ijumaa, 14 Februari

Ajua! Bao letu lenyewe, limetiwa kwenye simu. Kete zinagonga kama mbegu kavu kabisa. Mnacheza kila mtu akiwa kwake. Maro amenichapa mara nne tangu juzi. Anakula kete zangu bila huruma. Adhiambo anasema leo amecheka, mara ya kwanza tangu Desemba. Nimetoka nje ya duka nikasimama kidogo. Asante Mungu.

Jumanne, 18 Februari

Yawa. Kumbe anatumia kushoto. Ushindi wote huo ni wa kushoto! Wa kulia umelala mapajani vilevile. Adhiambo alijua, hakutaka kuniharibia furaha. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Kicheko amepata, sawa, nashukuru. Lakini Machi iko mlangoni.

Alhamisi, 20 Februari

Gemu ya mpira. Sikuitaka, ina mbio mno. Refa ni kipofu, mtangazaji anarudia maneno yaleyale, kipa wangu ni nguzo ya stima. Ila ina jambo moja: kidole gumba cha kushoto kinakimbiza mchezaji, cha kulia kinapiga. Bila cha kulia hufungi. Hakuna njia ya panya.

Nimemfunga kumi bila. Adhiambo alinisihi nimwachie hata moja. Nimekataa. Maro angejua, na angenidharau maisha yote. Amezima simu.

Jumamosi, 22 Februari

Kimya tangu ile kumi bila. Leo ni Sabato, na Maro ni Msabato, yuko kanisani, hagusi simu, najua. Lakini jana je? Nimekosea? Nimemvunja moyo mgonjwa? Mteja ameomba mahindi, nimempimia maharagwe.

Jua limezama. Simu imelia. Ni yeye, anataka mechi! Nimemfunga nane. Kashika kwa mikono miwili, anasema Adhiambo. Kidole cha kulia kinatetemeka, mara nyingi kinakosa kitufe, na anakitukana kwa Dholuo. Nimemshukuru Mungu kwa matusi.

Alhamisi, 27 Februari

Sita. Halafu tano. Anacheza asubuhi, anacheza jioni. Amemnyang'anya paka ule mpira, anauminya akingoja nifunge duka. Mawingu mazito upande wa ziwa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imenyesha. Majirani wa Maro wameanza. Wanawe wamesimama na mifuko ya mbegu, wanamngoja. Leo hatukucheza.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi Maro ameshuka shambani. Adhiambo amemshika kiuno tu. Ametia mbegu za kwanza kwa mkono wa kulia. Nyingine zimemponyoka, ameziokota mwenyewe, amekataa kusaidiwa. Halafu boma zima likaingia shambani.

Jioni tumecheza. Sare ya moja kwa moja hadi karibu na mwisho. Amepiga shuti kwa kidole kile. Kipa wangu ameruka, hakuufikia mpira: mbili kwa moja. Sikumwachia, Mungu ni shahidi.

Amemtuma Adhiambo aniambie niende nikachunge ndama.

Nimecheka mpaka machozi yametoka. Kisha nimezima simu nikalala.