Mafuriko: Hakuna

Jumanne, 3 Machi
Majibu ya vijiji sita yameingia kwenye kompyuta, vimebaki viwili. Umeme umekatika mara mbili. Chai imepoa. Tathmini ya hatari za majanga kwa wilaya nzima, na dodoso nimeliandika mimi, mtoto wa mkulima wa mihogo wa Baleni. Leo nimeringa ofisini. Acha niringe.

Kijiji cha Bweni wamejibu. Upepo mkali: ndiyo. Mafuriko: hakuna. Vizuri. Zahanati yao mpya itajengwa karibu na ufuko, na mkuu wa idara anataka ripoti Ijumaa ili mkandarasi aanze kazi.

Alhamisi, 5 Machi
Bweni kwa pikipiki, kupiga picha za kiwanja. Kiuno kimekwisha. Watu walinikwepa wakidhani nimetumwa na hifadhi ya bahari kukagua nyavu. Nilipotaja zahanati ndipo nikapewa kiti.

Kiwanja tambarare, vigingi vimeshapigwa. Pembeni pana kisima kimefunikwa kwa bati. Nikamwamkia Bi Siti, jirani wa kiwanja, alikuwa anasuka makuti. Nikamuuliza habari za kisima. Kimeingia chumvi, akasema, bamvua lilifika mpaka humo. Likija kubwa, bahari humfuata hata jikoni. Nikamwuliza, mbona kwenye dodoso mmesema hakuna mafuriko?

"Mafuriko ya wapi, mwanangu? Hapa pana mto? Hilo bamvua. Ungeuliza bamvua tungekwambia."

Akanicheka mbele za watu. Na mimi ni wa hapa hapa! Bamvua, bahari kujaa kupita kawaida mwezi ukiandama au ukipevuka, neno hilo nalijua tangu utotoni, nikaliacha mlangoni mwa ofisi pamoja na kandambili. Masikio yaliwaka moto kwa aibu.

Ijumaa, 6 Machi
Ripoti sikuitoa. Mkuu wa idara amefoka. Eti bamvua ni jambo la kawaida, si janga. Nikamwuliza kama mama mwenye uchungu atapitishwa ndani ya hayo maji ya kawaida. Amenipa mpaka kikao cha kamati, Alhamisi.

Naogopa. Nikisema dodoso lilikuwa bovu, najichafua mwenyewe. Nikinyamaza, wanajenga.

Jumatatu, 9 Machi
Bweni tena. Swali moja tu, nyumba kwa nyumba: bamvua hufika wapi? Hakuna aliyefikiri mara mbili. Walitoka nje, wakasimama: hapa. Na hapa. Mimi nafunga utepe. Bi Siti alitangulia, akigombeza kila anayepunguza hatua. Kufika adhuhuri utepe umekikata kiwanja katikati, vigingi vya chumba cha kujifungulia vimebaki upande wa bahari.

Watu hawa wanajua. Kilichokuwa hakijui ni karatasi yangu.

Alhamisi, 12 Machi
Nimesema. Kosa ni langu, niliuliza kwa Kiswahili cha ofisini. Nikaonyesha picha za utepe. Mjumbe mmoja alicheka. Nikatamani kukaa chini. Kisha mkuu wa idara, yule yule aliyefoka, akasema vigingi ving'olewe, vipelekwe kwenye mwinuko wenye minazi. Akaagiza pia vijiji vyote vya pwani viulizwe upya.

Ripoti sasa ina neno bamvua kwenye safu ya hatari. Nimeliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Sijawahi kujivunia kazi yangu namna hii, wala kujivunia nilikozaliwa. Nimekula pweza wa nazi sahani mbili, peke yangu, na sikumwomba mtu radhi.

Jumamosi, 21 Machi
Siku ya mapumziko. Nimekwenda Bweni kwa hiari yangu, kwa kuwa leo ni bamvua. Vigingi vimeshahamishwa, mashimo yake yamebaki.

Saa kumi na nusu alasiri maji yakaja. Hakuna upepo, hakuna mvua. Yalijaza mashimo moja baada ya jingine, polepole. Bi Siti alikuwa akitoa vyungu jikoni na kuvipandisha juu ya kitanda. Nikavua viatu, nikaenda kusimama pale palipochorwa chumba cha kujifungulia. Maji yalinifika magotini.