Sikio la Injinia Mselem

Jumamosi. Jua limejificha tangu asubuhi, upepo hakuna, na sufi za ule msufi wa nyuma ya chuo zinashuka polepole, kama zinafikiria kwanza pa kutua.

Nasema wazi: Temeke nzima hakuna mtu mwenye bahati kama mie. Nimekwenda Burma vitani nikarudi na vidole vyote. Nimekula Mombasa, nimelala Unguja, na darasa la tatu nililoliacha katikati halijanizuia kuvaa saa ya mkononi. Leo bahati imetimia. Mbele ya umati wa watu imeonekana kwamba sikio la Injinia Mselem nimelirithi mie.

Sikio lenyewe lilikuwa hivi. Anashika bisibisi, ncha kwenye mashine ya maji, mpini sikioni, anafumba macho. Mashine inakwenda tuku, tuku, tuku, naye anatabasamu kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani. Kisha anasema, "Beringi ya kushoto inalalamika." Tunafungua. Kweli.

Mashine ile aliifunga mwenyewe hapa kwenye chuo cha ufundi, alikokuwa mdhamini tangu chuo kilipokuwa banda la makuti. Inavuta maji ya chuo na ya mtaa. Wadhamini wenzake walikuja mkutanoni na miamvuli. Yeye alikuja na kopo la grisi.

Mie alinikuta sokoni napiga domo. Akanitazama weee, akasema, "Mdomo unao. Njoo tukutafutie na mikono."

Mikono nikaipata. Sikio je? Kila mara alinipa bisibisi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

"Umesikia nini?"

"Vizuri tu, Bwana."

Alikuwa anacheka mpaka kofia inakaa upande. Lakini hakunitia aibu mbele ya wenzangu hata siku moja.

Tumemzika Jumatano. Tangu siku hiyo naota macho wazi. Mashine imezimwa, mie naisikia. Napita uani kwa chuo, nanusa grisi, nageuka kumwamkia, shikamoo imeshafika mdomoni. Hakuna mtu. Sufi tu.

Leo ilikuwa hitima yake. Mashine ikawashwa kuvuta maji ya pilau, wanawake wakapanga ndoo mbele yake. Mkuu wa chuo akaniita.

"Bwana Chande, si wewe unayesema kila siku kwamba sikio alikufunza wewe peke yako? Hebu isikilize. Naona leo ina mlio mwingine."

Watu wote wakanigeukia. Nikaishika bisibisi ya Injinia. Mpini umelainika pale palipokuwa panakaa sikio lake, kama jiwe la mtoni. Nikauweka sikioni mwangu, nikafumba macho kama yeye. Sufi moja ikanitua puani. Pale ndani ya kiza changu nikahisi yuko karibu, shavu kwa shavu, ananisubiri nijibu.

Nikazima mashine.

"We Chande!" Huyo Bi Mwanaidi, mpishi mkuu, mwiko mkononi. "Mchele nimeuosha nusu, unanikatia maji? Nipikie mate yako?"

"Nimesema izimwe, shangazi."

"Shangazi yako nani? Shika ndoo!"

Nikashika ndoo. Tukachota kwenye kisima cha zamani, mie mbele, nimetanua kifua kama jemadari aliyetumwa maji. Huku nyuma mafundi wakaifungua mashine. Beringi ya kushoto imelika, imebaki ganda. Mkuu wa chuo akasema ingekwenda kidogo tu, gurudumu lake kubwa lingechomoka. Na wanawake walikuwa wamesimama palepale.

Hapo ndipo nilipokuwa mtu! Bi Mwanaidi akaniletea sahani mwenyewe, ukoko na pande la nyama lisilo na mfupa. "Kula, mwanangu. Mzee kakuachia sikio." Macho yake yalikuwa mekundu, na si moshi. Bi Zuhura, mjane wa Injinia, yumo ndani ya eda. Akatuma neno kwamba bisibisi ni yangu. Na wadhamini wanakutana kesho kunikabidhi mashine. Nikisema iende, itakwenda. Nikisema izimwe, itazimwa.

Nimevimba njia nzima mpaka nyumbani.

Sasa nimekaa mlangoni, bisibisi mapajani. Nimeiweka kwenye saa yangu, nikasikiliza. Kimya. Saa yenyewe haitembei tangu Mombasa, ila hilo hakuna anayelijua.

Naziona zile ndoo zimepangwa. Naiona siku nyingine, wanawake wamesimama, mie nimefumba macho kwa madaha, natikisa kichwa: vizuri tu.

Injinia alikuwa anacheka kwa sababu alijua. Alijua miaka yote, na kila mara alinipa tena ile bisibisi.

Kesho nitawaambia wadhamini watafute mwenye sikio kweli. Mie waniachie kopo la grisi. Watacheka, na Bi Mwanaidi ataidai nyama yake.

Maana sikurithi kitu. Beringi sikuisikia leo, wala sijapata kusikia chochote kwenye mpini ule. Nilizima mashine kwa kuwa nilikuwa nalia, na makelele yake yalinishinda.