Swali Ulilotuuliza Mimi na Kabula

Mjukuu wangu Minza,

Marahaba. Hapa Samuye tu wazima, na ng'ombe wa mama yako kazaa. Karatasi za maswali ya chuo ulizotutumia wazee zimefika.

Umeandika, "Mafanikio ya jirani ni furaha yangu," nichague moja hadi tano, tano ikiwa nakubali kabisa. Ngoja nikwambie. Usichanani tulilimiana mashamba kwa zamu, mstari mmoja, kwa ngoma. Kila shamba mpiga ngoma alimsifu jirani yetu Kabula, roho ikaniuma. Zamu ya shamba la kina Kabula ilipofika niliimba kuliko wote, huku nikilima juujuu na kufukia majani mabichi. Baada ya siku chache yakaota kwenye sehemu yangu tu. Kabula akayapalilia kimya, hakunitaja kwa mtu. Nikazidi kumwonea wivu! Na ungetuona kwenye mstari ule, ungesema tuna moyo mmoja.

Jibu langu la kweli ni mbili. Lakini jana Kabula kaja kunijulia hali, akasema yeye kakujibu tano.

Basi na mimi niandikie tano. Zamu hii hanishindi.

Bibi yako